Tairi Likitangulia, Fremu Hufuata

Baiskeli ya mlimani ni mtoto wa tairi. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta sokoni tairi nene la inchi 26, upana wake inchi 2.125, kwa ajili ya baiskeli za watoto wa Kimarekani waliokuwa wakiparamia kingo za barabara na kuharibu ringi kila uchao. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, vijana wa Kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, wakawa wanazifufua baiskeli hizo kuukuu, wanazikokota hadi juu ya milima iliyo karibu na mji wa Fairfax, kisha wanashuka nazo mbio. Zilikuwa nzito na fremu zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Walizichagua kwa sababu hawakuwa na tairi jingine la kupatikana kirahisi ambalo lingehimili mawe na vumbi la barabara za zimamoto za milimani. Hivyo inchi 26 zikawa kipimo cha baiskeli ya mlimani kwa miongo mitatu, bila mhandisi yeyote kukaa chini na kupiga hesabu kwamba hicho ndicho kipimo kinachofaa.

Naanzia huko kwa sababu mabishano ya wapenzi wa baiskeli hizi, awe mtu anapanda Karura jijini Nairobi, Lushoto au milima ya Alps, huanza na kuisha na fremu. Fremu ndiyo yenye jina la kampuni na rangi ya kupendeza, na ndiyo inayomeza fedha. Lakini ukiifuatilia historia ya mchezo huu hatua kwa hatua utaona jambo lilelile likijirudia: fremu iliyoleta mageuzi ilikuwa ikilikimbilia tairi lililokwisha kufika, au ilikuwa ikilisubiri tairi ambalo halijafika. Mnunuzi anayelijua hilo hadanganywi kirahisi dukani.

Mashindano ya kwanza yaliyoandaliwa na vijana wale wa Marin yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Njia ilishuka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushei, na baiskeli zilikuwa na breki ya kukanyaga kinyumenyume iliyomo ndani ya habu ya nyuma. Kufika chini, grisi ya habu ilikuwa imeungua na kugeuka moshi, ikabidi habu ifunguliwe na kupakiwa grisi mpya kabla ya mshuko mwingine. Mashindano yakaitwa Repack kwa ajili ya kazi hiyo. Gary Fisher ndiye anayeshikilia rekodi ya njia ile, dakika 4 na sekunde 22. Mwenzake Joe Breeze, fundi wa fremu za baiskeli za barabarani, mwaka 1977 alikata mabomba ya kromoli, chuma chepesi chenye kromiamu na molibdeni, akaunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Leo ipo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Tom Ritchey akafuata, akawa anawaundia fremu Fisher na Charlie Kelly walioanzisha biashara yao mwaka 1979. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya mlimani ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, dola 750 kila moja. Watu husahau kwamba Specialized, kabla haijauza baiskeli hata moja yenye jina lake, ilikwisha kuwa inauza matairi.

Kuna tukio la miaka hiyo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Huko Uingereza, Geoff Apps alikuwa akiunda baiskeli za kupita matopeni, na alitumia tairi la theluji kutoka Finland liitwalo Hakkapeliitta. Mtengenezaji wake alikuwa Nokia, hiyohiyo ambayo miaka ya baadaye iliweka simu mkononi mwa kila mtu kuanzia Kigoma hadi Mombasa. Tairi hilo lilikuja katika vipimo viwili, na vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko inchi 26. Apps aliwatumia Fisher na Kelly mfano wake, nao wakaona mara moja kwamba gurudumu kubwa linavuka mawe kwa urahisi zaidi. Walitaka zaidi, lakini matairi kutoka Finland yalifika kwa kusuasua, mara yapo mara hayapo. Wakaliacha wazo. Laiti meli zingeleta mzigo kwa wakati, pengine kizazi kizima cha waendeshaji kisingejua kabisa habari ya inchi 26.

Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1999, kampuni ya WTB ilipotoa Nanoraptor, tairi la kwanza la mlimani lenye unene kamili kwa ringi la ukubwa wa baiskeli za barabarani. Gurudumu hilo likaitwa inchi 29. Fremu zikaanza kufuata miaka michache baadaye, Fisher akiwa mstari wa mbele. Kisha ukaja mtindo wa inchi 27.5, uliotangazwa kama njia ya kati baina ya wepesi wa 26 na kasi ya 29. Hapa namba zina jambo la kutuambia. Kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia ni milimita 559 kwa inchi 26, milimita 584 kwa inchi 27.5, na milimita 622 kwa inchi 29. Kwa hiyo hiyo inayoitwa ya kati iko milimita 25 tu kutoka kwa ndogo, na milimita 38 kutoka kwa kubwa. Ilikuwa 26 iliyovimba kidogo, lakini iliuzwa kwa jina la nusu ya safari, na watu walibadilisha baiskeli nzima kwa ajili yake.

Wakati huohuo baiskeli nyeusi ya mzigo, ile ambayo babu zetu walibebea mkungu wa ndizi na magunia ya mkaa, ina ringi la inchi 28 ambalo kipimo chake ni milimita 635. Ni kubwa kuliko ringi la inchi 29. Lililokosekana ni tairi nene la kulivisha.

Fainali ya Olimpiki ya London, Agosti 2012, iliyafikisha kileleni mabishano ya 27.5 na 29. Nino Schurter wa Uswisi alikuja na magurudumu ya 27.5, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki akaja na 29. Baada ya saa moja na nusu ya kupanda na kushuka katika shamba la Hadleigh, Kulhavý alishinda kwa sekunde moja. Sekunde moja haithibitishi lolote kuhusu ringi, na ningewaonya wote walioitumia kama ushahidi. Lakini Schurter alipochukua dhahabu ya Rio mwaka 2016, naye alikuwa juu ya 29.

Katika mashindano yaleyale ya London alikuwepo Adrien Niyonshuti wa Rwanda, mshika bendera wa nchi yake, aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Alimaliza wa 39. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko ya sekunde ile, na inarudi moja kwa moja kwa mafundi wa Marin. Tom Ritchey alifika Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, akavutiwa na jinsi watu walivyosafirisha kahawa na viazi milimani kwa vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, ndugu wa chukudu ya Goma. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya Wooden Bike Classic, na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaanza kuwanoa vijana wa Kinyarwanda, Niyonshuti akiwa mmoja wao. Aliyewahi kuona chukudu ikiteremka kuelekea Goma na magunia juu yake atakubali kwamba ushujaa wa Repack ulikuwepo Kivu pia, kwenye mawe ya volkeno. Chukudu nayo gurudumu lake la mbao huvishwa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu la gari, maana mbao tupu juu ya lava haidumu.

Washindani wa kushuka tu, bila kupanda, ndio waliochelewa zaidi kuliamini gurudumu kubwa. Walisema halitakata kona. Mwaka 2017 Greg Minnaar wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alishinda mashindano ya Fort William huko Uskoti akiwa juu ya magurudumu ya 29, na ubishi ukapoa. Siku hizi wengi wao huweka 29 mbele na 27.5 nyuma, mpangilio ulioruhusiwa rasmi kwenye mashindano kuanzia msimu wa 2019: gurudumu la mbele livuke mawe, la nyuma limwachie mpandaji nafasi ya kurudisha kiuno nyuma bila kusuguliwa. Mwaka 2018 kampuni ya Maxxis ya Taiwan ilitoa tairi lililotengenezwa pamoja na Minnaar, Assegai, kwa jina la mkuki. Meno yake yamepangwa mfululizo toka katikati hadi pembeni, kwa hiyo baiskeli inapolala kwenye kona hakuna mahali pa wazi ambapo tairi linateleza kabla ya meno ya pembeni kushika.

Sasa tuje kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mabishano yote ya ukubwa wa gurudumu, nalo ni upepo. Tairi lenye tyubu linataka upepo mwingi. Ukiliacha laini, jiwe huibana tyubu dhidi ya ringi na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukilijaza likawa gumu, linadunda juu ya kila kokoto na mpandaji anapoteza udhibiti. Mwaka 1999 Mavic, ikishirikiana na Hutchinson na Michelin, ilileta ringi na tairi vinavyobana hewa bila tyubu. Baada yake zikaja dawa za pancha zenye utomvu wa mpira ndani yake: mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia kwenye tundu na kuganda papo hapo. Mpandaji wa kilo 75 anaweza kuendesha tairi la inchi 2.4 kwa PSI 22 mbele na 25 nyuma, kiwango ambacho kwa tyubu kingekuwa pancha ya uhakika kwenye mawe ya kwanza. Tairi linalegea, linalikumbatia jiwe badala ya kulirukia, na kwenye njia mbovu linakwenda kasi zaidi kwa juhudi ileile.

Kwa nchi yenye migunga kama yetu sijaona uvumbuzi mwingine wa kuulinganisha na huo. Bado nashangaa nikikutana na mtu aliyetoa mamilioni kwa fremu ya kaboni, naye ndani ya matairi ana tyubu, na mkobani ana viraka na solusheni. Kitu kimoja tu cha kuangalia: dawa hukauka, na kwa joto la pwani hukauka upesi kuliko maandishi ya chupa yanavyosema, yaliyoandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, ongeza.

Mjadala mpya zaidi wa matairi umeletwa na Schwalbe ya Ujerumani, ambayo mwaka 2024 ilitoa matairi ya mlimani ya mfumo wa radiali. Kwenye magari mfumo huu ni wa tangu Michelin ilipouleta miaka ya 1940. Katika tairi la kawaida la baiskeli nyuzi za ndani hukingamana kwa mshazari, kwa pembe ya kama digrii 45, na kila uzi unazuia mwenzake kunyumbuka. Schwalbe wameziinua nyuzi hizo zielekee zaidi upande wa kukatiza tairi, ingawa hazifiki digrii 90 kama za gari. Matokeo ni kwamba kwa upepo uleule sehemu inayogusa ardhi inakuwa pana zaidi, na jiwe dogo linamezwa bila kutikisa tairi zima. Gharama yake ni kwamba ubavu wa tairi unayumba, hivyo mpandaji analazimika kuongeza upepo kidogo, na mwendo kwenye tambarare unapungua. Wanaoshuka milima mikali yenye mizizi wameupokea kwa furaha. Anayezunguka Karura Jumamosi asubuhi hauhitaji.

Na fremu? Fremu nayo imebadilika kwelikweli, na si haki kuyaita mabadiliko yote hayo biashara tupu. Katika miaka ya 1990 pembe ya shingo ilikuwa karibu nyuzi 71, na usukani ulishikwa na kipande kirefu cha milimita 120 kilichomlaza mpandaji juu ya gurudumu la mbele. Ukikutana na shimo kali, ulikuwa unaruka juu ya usukani. Leo baiskeli ya matumizi ya jumla ina pembe ya nyuzi 64 au 65, kipande cha milimita 40, na fremu iliyorefushwa mbele. Kampuni ya Mondraker ya Hispania ndiyo iliyothubutu mapema, mwaka 2012, na wengi waliiona imepitiliza. Sasa karibu kila kampuni imefika huko. Gurudumu la mbele liko mbali na miguu, hivyo mteremko unaotisha unakuwa wa kawaida. Lakini kadiri gurudumu linavyosogea mbali ndivyo uzito wa mpandaji unavyolipungukia, na tairi la mbele lisipokuwa na meno ya kushika, baiskeli huteleza kwenye kona tambarare. Fremu hizi ndefu zisingepata sifa zilizo nazo kama matairi ya mbele yangebaki yale ya mwaka 1995.

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe iko katika kundi hilohilo la mambo ya kweli. Mwaka 2022 mwendeshaji wa mbio za barabarani, Matej Mohorič, aliichukua kutoka milimani akaifunga kwenye baiskeli ya barabarani, akashuka mlima wa Poggio kwa kasi kuliko mtu yeyote siku ile na kushinda mashindano ya Milan–San Remo.

Kinachonikera ni vipimo vya viungo. Upana wa habu ya nyuma ulikuwa milimita 135, ukawa 142, kisha mwaka 2014 kampuni za Trek na SRAM zikaleta 148, na kampuni nyingine zikaenda 157. Sababu ya 148 ilikuwa ya haki: spoki za gurudumu la 29 ni ndefu, na mashavu ya habu yakitanuliwa gurudumu linakuwa imara, tena linabaki na nafasi ya tairi pana. Hata hapo tairi ndilo lililosukuma. Lakini kila hatua iliacha magurudumu mazuri yakiwa hayana fremu ya kuingia. Beringi za mhimili wa pedali ndizo zilizofanya vibaya zaidi. Zilitolewa kwenye nyuzi za kufunga, zikawa za kugongwa ndani kwa nguvu, kwa sababu kiwandani hiyo ni kazi rahisi. Zikaanza kulia kwa kila pedali. Kampuni ya Santa Cruz haikuacha nyuzi, na wengi waliotoka wamerudi. Katika miji yetu, ambako fundi ana nyundo, spana na uzoefu wake, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama baiskeli itatengenezeka au itaning'inizwa ukutani.

Jambo jema la upande huo ni lile sikio la fremu linaloshika mkono wa gia wa nyuma. Kila fremu ilikuwa na la kwake, na likipinda ulitafuta la mfano huohuo ng'ambo. Mwaka 2019 SRAM ilitoa sikio la aina moja na kuwaachia watengenezaji wote walitumie bila malipo. Mwaka 2023 ikajulikana faida yao iko wapi: gia zao mpya zinafungwa moja kwa moja kwenye tundu lilelile la fremu. Hesabu ya kibiashara, ndiyo, lakini mpandaji wa Arusha amefaidika, maana sikio hilo moja linamfaa yeye na wenzake wa kampuni kumi tofauti.

Viwanda vyenyewe viko kwenye msukosuko. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, dunia nzima ilitaka baiskeli. Maduka yaliagiza mara mbili na mara tatu yakihofia kukosa, na mizigo ilipofika wateja walikuwa wamekwisha kupungua. Oktoba 2023 kundi la Wiggle na Chain Reaction la Uingereza, mahali ambapo wapandaji wengi wa Afrika Mashariki waliagizia vipuri, liliangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Waasisi wa Kona waliinunua tena kampuni yao mwaka 2024. Rocky Mountain ya Kanada iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Desemba 2024, na YT ya Ujerumani ikafuata njia kama hiyo Julai 2025. Kwa wafanyakazi ni msiba. Kwa mnunuzi ni fursa, maana baiskeli za miaka michache iliyopita, zenye pembe nzuri na habu za 148, zimeshushwa bei sana.

Fedha zinazobaki zinakimbilia kwenye baiskeli za umeme. Mwaka 2024 DJI, watengenezaji wa droni, walitoa mota ya Avinox yenye uzito wa kilo 2.5 na nguvu ya mzunguko ya Nm 105, na kampuni kongwe kama Bosch zikalazimika kuharakisha. Sheria ya Ulaya inataka wati 250 za kudumu na msaada usiozidi kilomita 25 kwa saa, ila haikatazi nguvu ya ghafla inayozidi hapo mara nyingi. Baiskeli hizo ni nzito na zinakula meno ya tairi la nyuma kwa muda mfupi, kwa hiyo kazi imerudi tena kwa watengenezaji wa matairi.

Na mwaka 2025 tairi limetangulia tena. Kwenye maonyesho ya Ulaya kumeonekana magurudumu ya inchi 32, ringi la milimita 686, na Maxxis tayari ina tairi lake la mbio. Wapandaji warefu wanashangilia. Wafupi wanauliza watakaa wapi. Sitabashiri mshindi, ila nitaangalia ni kampuni ngapi za matairi zitakazoingia, kwa sababu tairi moja la kampuni moja halijengi kipimo. Finland ilikwisha kutufundisha.

Baiskeli nyingi za mlimani ninazoziona zikishushwa kwenye makontena ya mitumba bado ni za 559. Usizidharau. Zina fremu za kromoli au alumini ambazo fundi wa mtaani anaziweza. Unapochagua, soma namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi, si jina la fremu: 57-622, kwa mfano, ni upana wa milimita 57 kwa ringi la milimita 622. Kisha pitisha kidole kati ya tairi la nyuma na mabomba ya fremu yanayolizunguka. Kikipita kwa nafasi, fremu hiyo itapokea tairi pana zaidi na inakufaa. Kisipopita, hata ikiwa ni ya kaboni na bei imekatwa nusu, mwachie muuzaji.